Uzi: Kuunganisha taarifa za watoto wa seli mundu Mtwara na Lindi bila kuvujisha majina, tunafanyaje?

KaraniWaKusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini, mkate wangu ni data. Kuna utafiti unaandaliwa kuhusu watoto wenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, siko seli kama tunavyoita mtaani, kwenye mikoa yetu miwili. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: mtoto anayemeza dawa yake ya haidroksiurea bila kukosa, je, analazwa na kuongezewa damu mara chache kuliko asiyemeza?

Jibu lipo, ila limetapakaa. Mtoto wa Newala kliniki anahudhuria Ligula. Akizidiwa usiku anakimbizwa Ndanda. Msimu wa korosho mama yake akienda kwa ndugu upande wa Mtama, analazwa Nyangao. Akipewa rufaa, ni Hospitali ya Kanda pale Mitengo au moja kwa moja Muhimbili. Kila anakofika anafunguliwa jalada jipya, namba mpya, na jina linaandikwa kadiri karani wa siku hiyo alivyosikia. Huyu ana GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa hospitali, yule ana mfumo wake, zahanati wana daftari la MTUHA la kuandikia wagonjwa na kalamu ya bluu.

Pendekezo lililoletwa mezani ni kwamba kila kituo kitume Excel kwa baruapepe, yenye majina, tarehe za kuzaliwa, simu ya mzazi na matibabu yote, halafu mimi niziunganishe. Roho inakataa. Kwenye mradi mmoja wa nyuma, siutaji, niliona orodha ya wagonjwa wa kliniki nyeti ikitua kwenye kundi la WhatsApp la watumishi "kwa ajili ya uhakiki". Humo kundini kulikuwa na watu walioshaacha kazi zamani.

Nataka kuunganisha bila hiyo orodha kukaa mikononi mwangu. Mwenye uzoefu atiririke.

JibuFupi

Tumia namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, mkuu, kwisha habari.

KaraniWaKusini

Hawa ni watoto kaka. Usajili wa NIDA umekuwa wa miaka 18 kwenda juu. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA wengi wanavyo, tatizo vinalala kabatini nyumbani, kliniki haviletwi.

MtuWaMikindani

Naweka kambi hapa. Kahawa na kashata pembeni.

FundiSeva

Mkuu, kwanza tuivunje hii dhana ya NIDA kabisa, maana hata kwa watu wazima kuna mtego, na mtego huohuo utakukuta kwenye namba ya simu.

Wengi wakisikia "ficha namba" wanaipitisha kwenye heshi. Ni kanuni inayochukua namba na kutema mlolongo wa herufi usiorudi nyuma. Wanaona kazi imeisha. Haijaisha. Heshi hairudi nyuma, lakini mtu anaweza kwenda mbele: anachukua namba zote zinazowezekana, anazipitisha zote, kisha analinganisha na za kwako. Namba za simu za mkononi za Tanzania zinaanza na 06 au 07 na kufuatiwa na tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 200 kwa hesabu ya haraka, na kompyuta mpakato ya kawaida inazimaliza kabla chai haijapoa. NIDA ina tarakimu 20, inaonekana ndefu, lakini nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukimjua mtu, nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Kwa hiyo heshi tupu ni pazia la neti. Unachotaka ni heshi yenye ufunguo wa siri: neno refu la kubahatisha linachanganywa na namba kabla ya kusagwa. Asiye na ufunguo hata akipitisha namba zote hapati mlingano. Na ufunguo huo usiwe kwako wewe unayechambua. Ukiwa na ufunguo na data kwa pamoja, hujaficha kitu.

NesiMstaafu

Wanangu, mimi nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, nusu Lindi nusu huku. Hayo ya heshi siyajui. Najua majina, na ninyi mnaongea kama mtu ana jina moja.

Hapa kusini mtoto anafunguliwa jalada ana miaka minne kwa jina la utotoni. Akienda jandoni au unyagoni anatoka na jina jipya, na lile la zamani ukimwita mbele ya wenzake umemtukana. Anarudi hospitali na miaka kumi na mbili, mama anataja jina jipya, karani anamwandika mgonjwa mpya. Mtoto yuleyule, damu ileile, mbele yangu.

Na tarehe za kuzaliwa msiziamini. Mama akisema "alizaliwa mwaka ule wa mafuriko", karani anaandika tarehe 1 Januari. Mkifungua hizo kompyuta zenu mtashangaa jinsi watoto wa kusini wanavyopenda kuzaliwa siku ya mwaka mpya.

KaraniWaKusini

Shikamoo mama. Hilo la jandoni halikuwemo popote kwenye andiko la utafiti. Na la Januari kweli, nimefungua sasa hivi faili la majaribio, tarehe 1 Januari imesimama kama mnara.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Liandikeni basi.

FundiSeva

Mama kagusa penyewe. Heshi ina ukali mmoja: ukibadilisha herufi moja tu, matokeo yanakuwa tofauti kabisa. Hadija na Khadija, ukizisaga, zinatoka kama watu wasiojuana.

Ndiyo maana wenye kazi hii wanatumia kichujio cha Bloom. Burton Bloom alikibuni mwaka 1970 kwa shughuli nyingine, na mwaka 2009 Mjerumani Rainer Schnell na wenzake wakakileta kwenye kuunganisha majina. Unalikata jina vipande vya herufi mbilimbili. Hadija inakuwa HA, AD, DI, IJ, JA. Khadija inakuwa KH, HA, AD, DI, IJ, JA. Kila kipande kinasagwa kwa ufunguo wa siri na kuwasha vijinafasi kadhaa kwenye mstari mrefu wa sifuri na moja. Aliye katikati anaona mistari ya sifuri na moja tu, halioni jina, lakini anaweza kupima mistari miwili inafanana kiasi gani. Hapo juu vipande vitano vinashirikiana: mara mbili ni kumi, gawa kwa jumla ya vipande kumi na moja, unapata 0.91, ambapo 1 ni kufanana kabisa. Huyo karibu hakika ni mtu mmoja.

Sasa jaribu Mohamedi na Muhamadi. Vinavyoshirikiana ni HA, AM na DI tu. Sita gawa kwa kumi na nne, 0.43. Umempoteza. Kwa hiyo kabla ya kukata vipande lazima pawe na kanuni ya kusawazisha tahajia, na kanuni hiyo aiandike mtu wa huku. Programu ya Ulaya haijui kwamba Zenabu na Zainabu ni dada mmoja.

Tahadhari: mistari hiyo nayo si salama ya kuanika mtandaoni. Majina yanayojirudia sana yanatoa mstari unaojirudia sana, na watafiti wameshaonyesha kwamba kwa kuhesabu tu mirudio hiyo mtu anaweza kukisia majina. Itunze kama unavyotunza majina yenyewe.

JibuFupi

Mnafanya mambo kuwa magumu. Si mkae na mgonjwa mumuulize?

MtakwimuMwanza

JibuFupi, umetania lakini ndivyo ilivyofanyika huku kwetu. Kisesa, wilaya ya Magu, kuna eneo ambalo kaya zimekuwa zikifuatiliwa tangu 1994. Mwaka 2015 wakaanza kuunganisha taarifa za kaya na za kituo cha afya kwa kumkalisha karani kwenye benchi la kusubiria. Mgonjwa anaombwa ridhaa, anataja majina yake matatu, kijiji, kitongoji, watu anaoishi nao, na jina la balozi wa nyumba kumi. Kompyuta inaleta orodha ya wanaofanana naye, mgonjwa mwenyewe anasaidia kuthibitisha ni yupi.

Jina la balozi ni kitu kizuri sana. Wazungu wana namba ya posta, sisi tuna balozi.

Ila inafanya kazi kwa wanaokuja leo. Kwa majalada ya miaka iliyopita huwezi kumkalisha mtu benchi.

MwanasheriaShangani

Nimesoma kimyakimya, niongeze la kisheria kwa kifupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti. Anayekusanya au kuchakata anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ni kitu kingine, hakichukui nafasi ya hicho, na data ikivuka mpaka unahitaji mkataba wa kuhamisha data.

Kosa ninaloliona kila siku: "tumeondoa majina, kwa hiyo sheria haituhusu." Maadamu kuna mahali ufunguo wa kurudisha majina upo, hiyo bado ni taarifa ya mtu.

MamaWaMgonjwa

Samahani ndugu zangu, mimi si mtaalamu. Nina binti mwenye siko seli, tupo Lindi. Nimewasoma tangu juu. Swali langu ni moja. Hamjasema popote mtoto wangu atafichwaje kwa watu wanaomjua. Mtu wa Ulaya akijua namba yake hanisumbui. Anayenisumbua ni mwalimu wake, jirani, na huko mbele posa. Kijijini kwetu wenye ugonjwa huu tunajulikana, tupo wachache. Mkiandika "msichana wa miaka 13, kata fulani, ameongezewa damu mara nne", mmeandika jina lake.

FundiSeva

Dada, hilo ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu, na ninyi wa vijijini mnalijua kuliko sisi.

Marekani, miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti data za hospitali za watumishi wa serikali, majina yameondolewa. Mwanafunzi mmoja wa MIT, Latanya Sweeney, akanunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akampata gavana wa jimbo, William Weld, na matibabu yake. Hakuvunja kufuli lolote.

Kwetu daftari la kununua halihitajiki. Daftari ni vichwa vya watu.

Kinachofanyika: umri unawekwa kwa makundi, kata inapandishwa kuwa wilaya, na kisanduku chochote cha jedwali chenye watu chini ya idadi fulani hakitolewi. Wengi wanakata kwenye tano, wengine kumi. Na hapo kuna mchezo wa kutoa: ukificha Liwale kwa sababu ina watoto watatu, lakini ukaacha jumla ya mkoa na wilaya nyingine zote, mwanafunzi wa darasa la nne anaitoa Liwale kwa kalamu. Lazima ufiche na kisanduku cha pili.

MdauRuangwa

Msifiche mpaka kisibaki kitu. Mimi ni wa huku Ruangwa. Julai 2022 ulipozuka ule ugonjwa wa watu kutokwa damu puani, vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vilirudi hasi, tukawa tunaangaliana tu. Baadaye ikatangazwa ni homa ya mgunda, wagonjwa 20, watatu wamefariki. Ugonjwa ule unatoka kwa wanyama. Bila kujua nani, kijiji gani, wiki gani, na bila taarifa za zahanati, maabara na watu wa mifugo kukaa meza moja, tungeendelea kuangaliana. Kuna wataalamu wanaozisogeza tarehe za mgonjwa mbele au nyuma kwa siku za kubahatisha ili asijulikane. Kwa ugonjwa wa msimu unakuwa umefuta msimu.

KaraniWaKusini

Kwa seli mundu naweza kusogeza tarehe, maana nachohitaji ni umbali kati ya kulazwa na kulazwa. Ila malaria ndiyo inayowaangusha hawa watoto, na huku kwetu malaria ni nyingi. Nitaacha robo ya mwaka ibaki ya kweli, siku ndiyo isogee. Mdau asante.

Dada wa Lindi, tumekusikia. Na ningependa wazazi kama wewe wakae kwenye kikao kinachoamua visanduku gani vitoke. Nitalipeleka.

MamaWaMgonjwa

Nitakuja, mradi kikao kisiwe siku ya kliniki.

Mzalendo_wa_Chuno

Mimi nasema wazi: mwisho wa siku data zinapakiwa kwenda nje, mzungu anachapisha, sisi tunabaki na fulana za mradi. Ndivyo ilivyo miaka yote.

MtakwimuMwanza

Una haki ya kusema hivyo, na dawa yake ipo: data isisafiri. Uingereza mwaka 2020 wakati wa Uviko, watu wa Oxford na wenzao wa London walijenga kitu kinaitwa OpenSAFELY. Mtafiti hashiki data ya mgonjwa. Anaandika programu yake, programu inakwenda pale data ilipo, inakimbia hukohuko, kinachotoka ni majedwali yaliyokaguliwa. Kila programu iliyokimbizwa inaonekana na umma. Utafiti wao wa kwanza mkubwa ulikuwa wa watu wazima zaidi ya milioni 17.

Kwetu iwe hivyohivyo kwa kipimo chetu: aliye nje atume programu, seva ibaki Mtwara.

FundiSeva

Na ikibaki Mtwara ina faida ya pili ambayo wataalamu wa wingu, yaani wa kuweka data kwenye seva za mbali kwa intaneti, hawaitaji. Mei 2024 kebo za intaneti za baharini zilikatika, mtandao nchini ukayumba. Mwezi huohuo Kimbunga Hidaya na mvua vikakata barabara ya Lindi kwenda Dar. Ambaye kila kitu chake kilikuwa mbali alikaa akitazama kioo.

Seva ya hapa nayo inataka chumba chenye kufuli, umeme wa akiba, nakala iliyosimbwa, isiyosomeka bila nywila, mahali pengine, na mtu anayeijua. Kompyuta iliyofunikwa kanga kwenye ofisi ya mhasibu, hapana.

KaraniWaKusini

Sawa wakuu, nimeandika rasimu, mnikosoe.

Kila kituo kinagawa faili lake mara mbili hukohuko kituoni. Faili la kwanza lina majina, kijiji, balozi na mwaka wa kuzaliwa, pamoja na namba ya utafiti ambayo kituo kimeitunga, bila ugonjwa wala dawa. Linapitishwa kwenye vichujio vya Bloom kituoni, linakwenda kwa muunganishaji. Yeye anafanya kazi ya kusema namba 118 ya Ndanda ni namba 42 ya Nyangao, basi. Faili la pili lina matibabu na ile namba ya utafiti, bila jina, linakuja kwangu. Muunganishaji hajui ugonjwa, mimi sijui majina, na ufunguo wa vichujio anavipa vituo mtu wa tatu ambaye hana faili lolote.

FundiSeva

Vizuri. Australia Magharibi wanatenganisha hivyohivyo kwa miaka mingi. Tundu moja: muunganishaji akiambiwa "hii ni orodha ya kliniki ya seli mundu", ameshaujua ugonjwa wa wote. Kuwemo tu kwenye orodha ni habari. Vituo vitume wagonjwa wote wa watoto wa kipindi hicho, wenye seli mundu wawe ndani ya umati.

La pili, zahanati zenye madaftari. Nakuomba marufuku ya kupiga picha kurasa kwa simu. Simu nyingi zinapandisha picha zenyewe kwenye akaunti ya mwenye simu, ukurasa mzima wa MTUHA unalala kwenye wingu kati ya picha za harusi. Mtu aende na kompyuta iliyosimbwa, achape palepale mezani, daftari lisitoke.

MwanasheriaShangani

Andikeni pia tarehe ya kuuharibu ufunguo, na nani anashuhudia. Miradi huisha, mafaili yanabaki kwenye fleshi ya mtu.

NesiMstaafu

Na mapacha? Hassan na Husein: baba mmoja, kijiji kimoja, balozi mmoja, siku moja. Mmoja ana siko seli, mwenzie hana. Mimi mwenyewe nilikuwa nawatofautisha kwa kovu. Kompyuta yenu itawafanya mtu mmoja, halafu mtaandika dawa imemponya.

KaraniWaKusini

Mama hapo umenimaliza.

FundiSeva

Majina ya kwanza hayafanani kiasi hicho, lakini vitu vingine vyote vikilingana alama zitawapandisha juu. Ongeza sehemu moja kwenye fomu ya kituo: pacha, ndiyo au hapana. Wenye "ndiyo" wasiunganishwe na mashine, karani wa kituo chenyewe awaangalie kwa macho kwenye majalada. Hawatakuwa wengi.

Na usianze na data halisi. Tengeneza wagonjwa 300 wa kubuni wenye majina ya huku, waharibie tahajia kwa makusudi, wape kumi jina la jandoni, tia mapacha humo. Majibu sahihi unayo mwenyewe, kwa hiyo utaona mashine imekosea wangapi kabla hujaomba faili hata moja hospitalini.

KaraniWaKusini

Naanza na hao. Mama, naomba uniandikie majina ya jandoni na unyagoni unayoyakumbuka, ya jumla tu, si ya mgonjwa yeyote.

NesiMstaafu

Nitakuandikia. Ya Wamakonde nayajua, ya Wamwera muulize mtu wa Nachingwea.